Gari Lililovuta Kushoto

Asubuhi ile nilikuwa natoka Kondoa kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Ukungu ulikuwa umetanda barabarani, na mimi naendesha polepole, nikiyajaribu majina ya mtoto mdomoni, moja baada ya jingine. Ghafla nikamwona punda amesimama katikati ya lami. Nikamkwepa. Gari likashuka mtaroni, likatua juu ya jiwe. Nilipofumbua macho, punda alikuwa dirishani akinitazama kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Kisha akaondoka, weupe ule ukamfunika.

Gari nilikuwa nimelikatia bima kubwa. Kampuni ikamtuma mkaguzi, akapiga picha za mbele, akaenda zake. Gereji waliyoichagua ikabadilisha boneti na taa, ikapaka rangi. Gari likarudi nyumbani Miyuji linang'aa. Ila kila nilipolegeza usukani, lilivuta kushoto, taratibu, kama mtu anayeitwa na sauti asiyotaka kuitaja.

Niliishi hivyo wiki kadhaa. Nilikwenda shuleni kufundisha, mkono wa kulia umechoka, upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi jekundu mbele yangu hata nisijue barabara inaishia wapi. Wakati mwingine nilidhani kasoro ni yangu, kwamba tangu siku ya ule ukungu mimi mwenyewe nimeinama upande.

Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Makole ndiye aliyenizindua. Alilipandisha gari kwa jeki, akalala chini muda mrefu, kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo uone. Chesisi, huu uti wa gari, imepinda."

Nikajilaza kwenye gunia kando yake.

"Chuma kilichopinda zamani huwa na kutu kwenye mkunjo," alisema. "Hiki bado kinang'aa. Na tope hili si la hapa mjini."

Ofisini kwa watu wa bima nilipokewa na dada mpole anayeshughulikia madai. Alinisikiliza, akafungua jalada.

"Mkaguzi ameandika kwamba hiyo ni hali ya uchakavu, mama. Gari ni la siku nyingi. Saini hapa tu, tufunge."

Mimi si mgomvi. Nimelelewa kunyamaza mbele ya meza za watu. Kalamu nilikwisha kuishika, feni inazunguka juu yetu kivivu, na nikajiona kwa mbali, mwanamke anayeinama kuandika jina lake. Nikaiweka chini.

"Mkaguzi wenu aliingia chini ya gari?"

Akapekua. Picha zote zilikuwa za mbele.

"Sijui, mama."

"Basi twende ukalione. Ukiona kutu, nitasaini leo hii. Usipoiona, nataka mniandikie kwa barua kwa nini mnakataa, niipeleke kwa msuluhishi wa malalamiko ya bima."

Nilitegemea angecheka. Alinyanyuka, akaenda kuzungumza na meneja wake, akarudi na mkoba begani.

Tulipofika Makole alimwamkia fundi mzee, "Shikamoo," akavua viatu vyake vya visigino, akalala kwenye gunia lile lile. Tuliona miguu yake tu. Kuku wakapita. Kisha tukasikia simu yake ikipiga picha, nyingi, moja baada ya nyingine.

Alipotoka, nywele zimejaa vumbi, hakunitazama mara moja.

"Hakuna kutu," alisema.

Barua ya kukubali kuitengeneza chesisi ilikuja baada ya siku tisa. Mkwaruzo waliouona pia kwenye mlango wa nyuma waliukataa, na walikuwa na haki. Ule ulikuwa wangu wa zamani, nami nilisema hivyo.

Nilipokwenda kusaini, safari hii kwa hiari, nilimuuliza yule dada kama watu hurudi kulalamika.

"Wachache," alijibu. "Wengi husaini tu, mama."

Nikatoka nje. Jua lilikuwa limeenea hadi vilimani, na watu walipita kwa utulivu, kila mmoja na safari yake. Nilisimama pale nikiwatazama, nikijiuliza ni wangapi walishawahi kuishika ile kalamu.