Rangi Nyekundu Kwenye Mikorosho ya Mwajabu

Mwajabu binti Mwinshehe aliiona ile rangi kabla jua halijakausha umande. Alikuwa ameinama akiokota korosho zilizodondoka, tenga liko ubavuni, akainua uso akakutana nayo: mstari mwekundu, mpana kama kiganja, umepakwa kwenye shina la mkorosho wake mkubwa. Aliugusa. Rangi ilikuwa mbichi, ikambakia kidoleni.

Aliliacha tenga pale pale, akaingia ndani, akatoka na panga.

Wenyeji wa Mkange walimjua kama mama asiye na maneno mengi. Lakini si wote waliojua kwa nini. Alizaliwa huko chini pwani, karibu na mto Wami unapoingia baharini. Huko aliolewa, huko alizaa na kuzika. Kisha wakaja watu na gari, wakapaka mistari myekundu kwenye minazi. Wazee walipouliza, walijibiwa, "Ni alama tu, msiwe na wasiwasi." Mvua zilipokatika wakaambiwa kwamba kutoka alama zile hadi baharini ni mahali pa wanyama, watu wahame. Nyati wakapewa nchi, na mtu aliyezikiwa wazazi wake pale akaambiwa atatafutiwa sehemu nyingine. Nani alikwenda kuwauliza wale wazee wanaonaje? Hakuna. Mumewe, Haji, alihama na homa mwilini, na homa ile haikumwacha mpaka ilipomtia kaburini.

Mwajabu alikuja huku juu na mbegu za korosho zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Alifyeka pori kwa mikono yake. Alimwagilia miche kwa maji aliyoyabeba kichwani, na nguruwe mwitu walipoing'oa, akapanda mingine. Sasa mikorosho ile ilikuwa imefungamana matawi, na ndiyo iliyomlisha. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Akaanza kuzifuata alama. Mkorosho wa pili, wa tatu, kisha mti wa porini, kisha jiwe, kisha mkorosho tena. Mbele kidogo alisikia mtu akipiga mluzi.

Alikuwa kijana aliyevaa viatu vizito vya ngozi, mkoba mgongoni, kopo la rangi mkono huu, brashi mkono ule. Alipomwona mama wa watu, akatabasamu.

"Shikamoo, mama."

Mwajabu hakuitikia. Pwani hii shikamoo ikikosa marahaba ni sawa na kofi la uso. Tabasamu la kijana likayeyuka.

"Weka kopo chini," Mwajabu akasema.

"Mama, mimi naitwa Bwanausi, kwetu Bagamoyo mjini. Nimetumwa na…"

"Sikukuuliza jina. Weka kopo chini."

Bwanausi aliliona panga, akaliweka kopo chini. Wakati huo huo majani yakachakarika, akatokea Mwinyimvua, mdogo wa marehemu Haji, na nyuma yake majirani kadhaa wenye mashoka. Habari ya rangi ilikuwa imeshafika kwao. Walimzunguka kijana, mashoka begani.

"Shemeji," Mwinyimvua akauliza, "ndiye huyu?"

"Ndiye. Aseme mwenyewe anatupeleka wapi safari hii."

"Siwapeleki popote!" Bwanausi alisema, sauti ikimpanda. "Hii ni njia ya kutembelea. Nimesoma Ujerumani Mashariki miaka miwili, kazi ya kupokea wageni. Kuna upande mmoja wa nchi ile unaitwa Thuringia, milima na misitu mitupu. Miti ya njiani ina alama za rangi ili mgeni asipotee. Jumapili watu wanatoka majumbani wanatembea."

"Wanatafuta nini?" akauliza Mwinyimvua.

"Hawatafuti kitu."

"Wamepotelewa na mbuzi?"

"Hapana, mzee. Wanatembea tu. Wanakwenda kutazama chemchemi, wakitoka hapo wanakwenda kwenye pango, kisha wanapanda kwenye ngome iliyobomoka juu ya mwamba. Wakichoka, kuna mabenchi. Wanakaa, wanatazama bonde, wanakula mkate na soseji."

"Soseji ya nini?"

Bwanausi akasita. "Ya nguruwe. Mimi nilikula mkate na jibini."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. "Mtu mzima na mkewe," Mwinyimvua akasema, "aache kitanda chake, apande mlima asikokuwa na shamba wala ndugu, aketi ale nguruwe, halafu ashuke! Watu hao wanaumwa."

Hata Bwanausi alicheka kidogo. Mwajabu peke yake hakucheka. Panga lilikuwa bado mkononi.

"Maneno yako matamu," akamwambia. "Waliopaka minazi yetu nao walikuwa na maneno matamu. Nijibu moja tu. Alama hii inachukua mikorosho yangu?"

"Haichukui, mama. Wageni ni Wajerumani wanaofanya kazi Dar es Salaam. Watapita, watatazama mto, watarudi."

"Apa."

Bwanausi aliwatazama wale watu mmoja mmoja. Hakuwa kijana wa kuapa ovyo. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Wallahi," akasema, "alama hizi hazitachukua mti wa mama huyu hata mmoja. Kama nadanganya, Mwenyezi Mungu anione."

"Mmemsikia?" Mwajabu akauliza bila kugeuka.

"Tumemsikia."

Hapo ndipo aliposhusha panga. Kabla halijagusa nyasi, wakasikia Landrova ikinguruma kwenye njia ya shamba.

Aliteremka Bwana Husseni, mkuu wa Bwanausi kwenye ofisi ya utalii, mtu wa kitambi na miwani ya jua. Aliusalimia umati kwa kupunga mkono kama anayepita kwenye gwaride, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkorosho mkubwa. Akachuchumaa, akachungulia chini ya matawi kuelekea bondeni, mto ulikokuwa unapinda.

"Bwanausi, hapa hapa!" akaita. "Si ulinieleza mwenyewe kwamba kule Ujerumani wanafyeka miti ili mandhari ionekane? Na wanajenga banda la kupumzikia? Basi kutoka alama ile mpaka hii, kata yote. Kesho nakuletea watu wa msumeno. Jumapili wageni waukute mto uko wazi."

Ni kweli Bwanausi alimweleza. Alimweleza kwa furaha, ofisini, akichora kwa mikono jinsi bonde linavyofunguka mbele ya macho ya mtu aliyechoka kupanda. Hakuwahi kufikiri kwamba miti inayokatwa inaweza kuwa na mwenyewe.

"Na mwenye miti?" akauliza.

"Nani, mama huyu? Atatafutiwa sehemu nyingine."

Maneno yale yale. Mwajabu aliyasikia yakimpiga kifuani. Alipiga hatua moja mbele, panga likapanda juu, na Mwinyimvua akamdaka kiwiko. "Shemeji! Shemeji, utatufungisha sote!" Bwana Husseni alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga Landrova. Miwani ikamdondoka.

"Mnaona?" alifoka. "Mnaona watu hawa? Hizi ni fedha za kigeni! Hii ni kazi ya taifa!"

Mwajabu hakumtazama yeye. Alimtazama Bwanausi. Watu wote wakamtazama Bwanausi.

Kijana alipita katikati yao, akasimama kati ya panga na gari.

"Njia hii haipo tena," akasema.

"Haipo kwa amri ya nani?"

"Nimeapa mbele ya watu hawa."

"Kiapo! Mimi nazungumza habari za taifa, wewe unanizungumzia kiapo?"

"Taifa ndilo hili limesimama mbele yako limeshika mashoka, Bwana Husseni. Tulimfukuza mkoloni ili nani akae kwa raha? Ili Mjerumani aje kuangalia mto, na mwenye mto afukuzwe asizibe macho yake?"

"Panda gari."

"Sipandi. Na Jumapili utawapokea mwenyewe. Utawaeleza kwa Kijerumani kipi?"

Ofisini kwao hakukuwa na mwingine aliyeijua lugha ile, na wote wawili walilijua hilo. Bwana Husseni aliokota miwani yake, akaipangusa vumbi kwa shati.

"Kazi huna," akasema. "Na kurudi Bagamoyo utatembea. Si unapenda kutembea!"

Landrova ikarudi kinyumenyume mpaka ilipopata pa kugeukia, ikaondoka. Watu walibaki wakisikiliza mngurumo mpaka ukapotea. Bwanausi alikaa chini ghafla.

"Hii kazi nimeitafuta miaka," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani.

Mwajabu alimletea maji kwenye kata. Alipomaliza kunywa, akampa na shoka la Mwinyimvua.

"Alama bado zipo," akamwambia.

Wakazifuata pamoja, mti kwa mti, wakibandua gome lililopakwa rangi, kidogo kidogo ili mti usiumie. Utomvu uliwachubua vidole. Kwenye mkorosho wa mwisho Bwanausi akasimama kupumua.

"Mama, sasa umeniamini?"

"Wewe nimekuamini, mwanangu. Yule mwenye gari hajaapa."

Jumapili ilipita bila mgeni. Mwajabu hakuingoja. Jioni ile ile aliyoachana na Bwanausi kwenye njia ya kwendea barabarani, alianza kung'oa nguzo za nyumba yake, na Mwinyimvua akamsaidia kuzibeba. Waliisimamisha upya katikati ya mikorosho, mahali Bwana Husseni alipochuchumaa kutazama mto, mlango ukielekea kule magari yanakotokea.