Kitabu cha kuku kilichogeuzwa eulogy: kwa mnaobishana kuhusu software ya jalada

Wakuu, siku ya kuamua jalada, kwenye cyber moja ya Bungoma, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Wafula, kitinda mimba wetu Nafula, na fundi wa kompyuta aliyetaka aitwe Injinia.

Mmoja wao anasoma humu, kwa hivyo siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikawalea hawa wawili Matisi, hapa Kitale. Mama alituachia kurasa alizoandika kuhusu kufuga kuku wa kienyeji: ugonjwa wa kideri, vifaranga, mwewe, kila kitu. Alinishika mkono hospitalini akaniomba zisiozee kwenye sanduku. Nikaamua nitazichapisha mwenyewe.

Kurasa za ndani hazikusumbua. Jalada ndilo lililoleta wasomi.

Wafula alikuwa ametoka tu kumaliza kozi ya kompyuta (niliilipia mimi, tuendelee). Yeye alisema Photoshop. Injinia akacheka, akasema CorelDRAW. Wakabishana kuhusu layers, version na RAM, ungedhani wanarusha ndege. Nafula akasema anaweza kuchora kuku. Hakuna aliyemjibu.

Mimi niliuliza tu ni ipi itamfanya mtu ajue hiki ni kitabu cha kuku. Injinia alinitazama kana kwamba nimeingiza mbuzi benki.

"Madam, hizi ni vitu za professional. We tuachie tu."

Nikawaachia, nikarudi Kitale kwenye mboga zangu. Jalada nililiona siku maboksi yalipofika.

Sasa mjue, kazi ya Injinia ya kila wiki ilikuwa eulogy. Huku kwetu hakuna mazishi bila kile kijitabu chenye picha ya marehemu. Kwenye hiyo software yake kubwa, ambayo hata hakuinunua, alijua kufungua faili moja tu. Alitoa picha ya marehemu wa mwisho, akaweka ya mama. Mawingu yakabaki. Njiwa wakabaki. Mishumaa pia.

Kuku hata mmoja hakuna.

Nilipomuuliza Wafula kama aliliona kabla halijachapishwa, akasema alikagua, resolution ilikuwa poa.

Tukaenda soko la Chwele hivyo hivyo. Watu walivua kofia, wakashika nakala kwa mikono miwili, wakauliza mazishi ni lini. Wafula akamweleza mzee mmoja kwamba ni kitabu cha ufugaji.

"Pole sana kijana," mzee akamwambia. "Uchungu hufanya mtu aongee hivyo."

Kisha akaja mama mzee aliyesema anatoka Kamukuywa, kitambaa cha kijani kichwani, na kuku aliyekuja kumuuza. Alitazama picha ya mama yetu. Akampa Nafula yule kuku, akasema wageni wa matanga wapikiwe.

Nikamwambia mama alikufa miaka mingi iliyopita.

"Basi nimechelewa, mwanangu," akasema, akaingia kwenye umati kabla sijampa kitabu.

Tulirudi nyumbani tukabandua majalada yote. Nafula akachora jogoo kwa wino, tukamscan, na jina la kitabu nikaliandika kwa ile software ya kuandikia barua. Professional hawakuitwa. Kitabu kikaanza kununuliwa na wafugaji.

Kwa hivyo nyinyi mnaouliza hapa kila wiki software ipi ni bora: printi jalada moja, liweke sokoni, unyamaze. Mtu akikuambia pole, version mpya haitakusaidia.

Haya, wenye Photoshop leteni matusi, nimekaa.

Lakini kama kuna mtu wa Kamukuywa humu anayemjua yule mama, aniambie. Kuku wake hatukumchinja. Alitaga, akaangua, na vifaranga tulivilea jinsi mama alivyoandika.

Kila nikienda Chwele nabeba kitabu cha kumpa yule mama, na tetea mmoja. Mpaka leo narudi Matisi navyo vyote viwili.