Mji wa Makatoni

Shule zilipofungwa kwa sababu ya vita, watoto wangu wawili walianza kujenga mji katika chumba chao. Binti alikuwa na miaka tisa, mdogo wake wa kiume sita. Tulikaa Buyenzi, mtaa mmoja wa jiji letu kando ya ziwa, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Baba yao alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa kabla ya vita. Mimi nilikuwa nafua mashuka hospitalini. Asubuhi nilipotoka niliwafungia ndani kwa sababu ya risasi zilizokuwa zikilia upande wa mtaa wa Kinama, na humo walishinda na kila kitu ambacho watu wengine hutupa.

Kila jioni nilikuta mtaa mpya. Katoni ya sabuni ilikuwa kanisa. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa msikiti. Vizibo vya bia vilikuwa sahani za wauza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, na wauzaji wenyewe walisukwa kwa nyuzi za mgomba, wengine bila vichwa. Kandambili yangu iliyokatika ilikwisha kuwa magurudumu ya gari la waya. Gundi yao ilikuwa ugali wa muhogo, na ugali ule uliita panya na mende kutoka mtaa mzima.

"Mama, usikanyage hapo!" binti alinipigia kelele siku moja nilipoingia na ufagio. "Hiyo ni bandari."

"Na kitanda chenu je? Mutalala mu bandari?"

"Tunalala pembeni. Watu wako na kazi katikati."

Mdogo wake alikuwa ameweka kamba kati ya kanisa na soko, na kando ya kamba askari wa udongo mwenye bunduki ya njiti. Hakuna mtu wa nyuzi aliyepita pale bila kusimamishwa. Aliniuliza na mimi: "Unatoka wapi? Unaenda wapi?" Nikamjibu kwamba natoka kazini, naenda kupika. Akanifungulia.

Kisha bomu la mkono likarushwa karibu na bomba tulilotekea maji. Jirani yetu mmoja alipoteza mguu. Dada yangu, aliyekuwa ameolewa Uvira, aliposikia alivuka mpaka akaja kuwachukua watoto. Uvira wakati ule kulikuwa kimya, na shule zilikuwa zinafundisha. Kijana alitaka kubeba gari lake la waya, lakini teksi ilikuwa imejaa watu hadi kwenye buti.

"Iache," mama mmoja abiria alimwambia, "utatengeneza ingine kule."

Hakulia. Alirudi ndani akaliegesha mbele ya kanisa, akatoka.

Niliona nimefanya vizuri, na kwa miezi kadhaa ilikuwa kweli. Wasafiri waliniletea habari: wanasoma, wamenenepa, mdogo ameng'oka jino. Halafu vita vikavuka mpaka. Watu wa Uvira wakakimbia, wengine milimani, wengine ziwani, na hakuna aliyejua nani alikwenda wapi. Nilikwenda bandarini kuuliza kila nilipopata nafasi. Nilikuwa nauliza hata watu waliotoka sehemu ambazo watoto wangu wasingeweza kufika.

Nyumbani sikujua kupikia mtu mmoja. Mkono ulipima unga wa watu watatu, na kila usiku ugali ulibaki. Nilianza kuuchukua kidogo kidogo kugandisha kuta zilizoachia. Mvua ilipovuja nilihamisha soko. Panya alipotafuna mlango wa msikiti nilikata mwingine kwenye boksi la dawa kutoka kazini. Watu wazima wenzangu walikuwa wakiongea na Mungu jioni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikipanga vizibo.

Mwenzangu mmoja wa kufua, mama aliyekaa Kinama, alichomewa nyumba. Alikuja kazini na mkeka na sufuria tu. Nikamwambia aje kwangu. Alipofungua mlango wa chumba cha watoto aliishia kizingitini.

"Dada, mi nalala wapi?"

Nilishika katoni moja, nikaiweka chini, nikashika nyingine. Akaniambia nikae. Akavihamisha yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akiuliza kila mara: hiki kinakaa karibu na nini? Mji wote akausogeza ukutani, mtaa juu ya mtaa. Alipofika kwa askari alisita.

"Huyu apana. Huyu mi siwezi kulala naye."

Tulimweka uani. Mvua ya usiku ule ilimmaliza, na asubuhi pale palikuwa na njiti tu.

Tuliishi hivyo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na wafu wake wa kufikiria. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akileta mawese kwa boti kutoka Kigoma alinikuta sokoni. "Dada yako ni mrefu, ana kovu hapa shavuni? Nimemuacha Kigoma. Ana watoto wawili wa kwako."

Nikamwomba aniambie tena, tangu mwanzo.

Ilichukua muda tena kabla hawajaweza kusafiri. Walipokuja na dada yangu, binti alikuwa amenifikia mabega. Walinisalimu "Shikamoo, mama" kwa Kiswahili safi cha Kigoma, na kila nilipowauliza kitu walimtazama kwanza dada yangu. Siku ya pili binti alianza usafi, kama alivyofundishwa huko.

"Mama, takataka zote hizi za nini?" aliuliza kutoka chumbani. "Mnafuga panya?"

Mdogo wake alikwishabeba makatoni hadi uani, akiyakanyaga yawe bapa kwa ajili ya kuwashia moto. Hakukumbuka hata moja. Alicheka alipoona watu wasio na vichwa, akawatupa nao pia. Yule mama wa Kinama akanivuta mkono.

"Wakataze!"

"Apana," nikamwambia. "Ni vya kwao."

Maharage ya siku ile yalichemka haraka juu ya moto wa makatoni. Nilikula nao, nikasifu usafi wa chumba.

Wiki iliyofuata dada yangu alirudi Kigoma kwa mumewe. Tulimsindikiza bandarini. Boti ilipoondoka, kijana wangu alilia kama mtoto mchanga, akashikilia nguzo, akakataa kuja. Sikumvuta. Nilikaa juu ya gunia la mtu kusubiri amalize. Jua lilipokuwa kali alikuja mwenyewe, akasimama hatua chache kutoka kwangu.

"Nyumbani ni njia gani?" akauliza.

Nikanyanyuka, nikamwonyesha. Dada yake alitembea mbele, mimi katikati, na yeye nyuma, bila kushikana mikono, mpaka Buyenzi.