Flashi niliyookota mlangoni pa duka

Jamani, flashi ya kuokota msiichomeke ovyo.

Leo asubuhi nimeikuta mlangoni pa duka langu la kuchapisha picha, hapa mtaani kwetu Tsaramandroso. Nikasema nitaifuta, niitumie.

Kompyuta ya kazi sikuigusa. Nilichukua laptopu kuukuu isiyo na intaneti, nikaichomeka humo.

Likatokea faili moja tu.

Lina jina langu kamili.

Dada yangu Zaina akanishika mkono. “Kaka, usilifungue. Futa.”

Nikafuta yote.

Adhuhuri akaingia mteja nisiyemjua, akaniuliza taratibu kwa Kifaransa, “Ile flashi umeshaifungua?”

Nikamjibu, “Flashi gani?”

Akatabasamu, akatoka.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Maana hajaondoka. Amesimama ng’ambo ya barabara, anamtazama Zaina akifunga madirisha.