Pole Iliyochelewa

Mtaani walimwita Mama Vifungo, maana akiwa kazini hakukosa kifungo kimoja au viwili mdomoni. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilipakana ukuta na nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu na mkewe.

Siku moja aliteleza bafuni akavunjika mguu, akalazwa hospitali ya mbali. Aliporudi nyumbani, mguu ungali kwenye plasta, alishangaa.

"Mbona Mwalimu hajaja hata kunitania?"

Binti yake akainamisha uso. "Mama, Mwalimu alifariki ukiwa wodini. Tuliogopa kukushtua."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akamkazia binti macho. "Yaani mkaniacha nacheka na manesi, huku shoga yangu anazika mume?"

Alitaka kwenda papo hapo. Binti akamzuia: "Taazia ni siku tatu, mama, na hizo zimepita zamani. Utamtonesha bure."

Neno hilo lilimtia wasiwasi, akampigia simu ustadhi wa msikitini. Ustadhi akamjibu kwa upole, "Wewe ulikuwa mbali, mama, una udhuru. Nenda. Ila usiende kumfufulia matanga. Kampe moyo."

Akaenda kwa magongo, huku akijisomea la kusema kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeogopa kusahau sura.

Shoga yake alikuwa mkekani anachambua mchele. Alikuwa edani, hana hereni wala wanja.

"Allah akuzidishie ujira, akupe subira njema, na amsamehe marehemu wetu," alisema Mama Vifungo. "Nimechelewa, shoga yangu. Sikuambiwa."

"Amin. Hujachelewa." Mjane akasogeza ungo, akampisha akae. "Siku zile watu walijaa hata nyuso sikuziona. Sasa wakija wananiuliza habari za umeme na maji. Hakuna anayemtaja. Wanaogopa nitalia."

"Basi mimi nitamtaja. Magauni yote yale aliyokuletea, unadhani vipimo alinipa nani?"

"Si ulinikadiria kwa macho?"

"Thubutu! Alikuwa akija dirishani, anaangaza huku na huku kama mwizi wa kuku, ananionyesha kwa mikono: 'Kiunoni hapa, mabegani hapa.' Nikamwambia, niletee basi gauni lake la zamani nipimie. Weee! Akanijia juu: 'Miaka yote hii ni mke wangu, leo nikaulize nguo vipimo vyake?'"

Kicheko kilimponyoka mjane, kikubwa, mpaka mchele ukamwagika. Kisha kikageuka kilio. Mama Vifungo alimvuta kifuani, wala hakumwambia nyamaza.

"Lia tu, mwenzangu. Machozi si dhambi."

Walikaa hivyo kitambo. Alipotulia, waliinua mikono pamoja wakamwombea marehemu apanuliwe kaburi lake. Halafu wakaokota mchele, punje kwa punje.

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri magongo yalisikika barazani. Eda ilipoendelea, watu waliopita dirishani walisikia sauti mbili, mara zikishuka, mara zikipanda, na jina la Mwalimu likitajwa bila woga.

"Enhe," mjane alikuwa akisema, akisogeza birika la chai, "na lile gauni la kijani? Siku ile alisemaje?"