Mstari Aliouokota Mama Kikapuni

Katika kanisa letu hapa Kalemie, kila Alhamisi kundi la wamama hupitisha kikapu. Ndani mna vikaratasi vilivyokunjwa, na kila kimoja kina mstari wa Biblia ulionakiliwa kwa mkono. Unachokiokota ni chako. Unaukariri mstari wake hadi Jumapili, unasimama mbele ya watu unausema, na wote huamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyekuchagulia.

Mama yangu hakujua kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tulikuwa na mwezi mmoja tu tangu tufike Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuokota. Nikakunjua karatasi, na mjinga mimi nikaisoma kwa sauti kabla ya kuipitia: siku ile watu wa jeshi waliingia mjini kwa kunyemelea, kama wenye haya waliokimbia vitani.

Wamama wakacheka. Kiongozi wao, mwenyeji wa pwani ya ziwa, akapiga makofi. "Ee Mama, Mungu anakujua! Njo vile mulifika hapa."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini mama yangu alichaguliwa lake na kikapu cha kanisa. Na kweli ndivyo tulivyofika. Alitupitisha kando ya reli, nyuma ya nyumba za watu, jua la saa saba likituunguza, akatukataza hata kukohoa. Hakutaka mtu atuone na masufuria kichwani na miguu iliyopasuka. Kwetu, upande wa Kongolo, watu walikuwa wakija kwake kuomba vijiti vya muhogo vya kupanda.

Tuliporudi kambini Alhamisi ile akasema, "Jumapili siendi. Kikundi yao nimeacha. Kama Mungu mwenyewe ananicheka, nitabishana naye na nini?"

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni, na siku ile sikutaka kuzizuia. Mama alikuwa amepoteza shamba na nyumba; sikukubali apoteze na kanisa kwa ajili ya kipande cha karatasi. Nikaazima Biblia kwa jirani, nikatafuta mahali walipoukata mstari, nikaanza kusoma kutoka sura ya nyuma yake.

Nikacheka peke yangu. Jeshi lile halikushindwa! Lilikuwa limemwokoa mfalme wake. Ila kati ya maadui waliouawa alikuwamo mwana wa mfalme, aliyemwasi baba yake, na mfalme akamlilia mno hata askari wakaona aibu ya kushinda, wakajipenyeza mjini kama walioshindwa. Wamama wale hawawezi kununua samaki kwa kuonyeshwa mkia tu, lakini neno la Mungu walilipokea hivyo hivyo.

Nilimsomea mama yote, mara mbili, huku akichambua maharagwe.

"Kumbe walishinda," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wakajificha bure."

"Bure kabisa."

Akaendelea na maharagwe yake. Baadaye akaniambia nimfundishe mstari wake.

Jumapili alikataa njia ya nyuma. Tulipita barabara kubwa, malori yakitumwagia vumbi, naye akisalimia hata watu wasiomjua. Kanisani alisimama mbele, akausema mstari bila kukosea neno. Wengine wakaanza kuchekea viganjani, na kiongozi akamwonyesha benchi akae.

"Ngoja, Mama," mama akamwambia. "Habari haijaisha. Wale watu walikuwa wameshinda."

Kiongozi akashusha mkono. Nami nilijivuna.

"Mimi nilitoka kwetu na watoto watano," akasema. "Vita ilikuwa nyuma yetu njia yote." Akanyoosha mkono kuelekea benchi la mwisho, tulipokaa sisi watoto wake. "Musimame."

Tukasimama, mdogo wetu akiwa mgongoni kwangu. Mama akamgeukia kiongozi.

"Sasa uwahesabu."