Nyanya Zangu na Miti ya Kiranga

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuusikia ukisimuliwa vibaya kule mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, watu wanaongeza chumvi, mara nilikuwa uchi, mara nililia, na mimi sikuwa uchi wala sikulia. Niliaibika tu, aibu ya kumtosha mtu kuhama mji, na juu ya aibu hasira, na hasira yenyewe mpaka leo haijaisha vizuri.

Mnajua nilikuwa mpagazi, miaka na miaka nabeba mizigo ya watu kutoka Ujiji mpaka Usumbura kwenye boma la Wadachi, hao Wajerumani, na mtu wa namna hiyo hapa Rumonge hapewi mke hivi hivi. Nilipopeleka posa kwa Mzee Hamadi, yule mkamua mawese, nikimtaka binti yake Zaituni, hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Wewe uko mutu wa njia. Kaa kwanza, nione umekaa."

Basi nikakaa. Nikalima bustani ya nyanya nyuma ya nyumba, na si nyanya za mchezo, aina tatu: zile kubwa zenye mapande mapande, mbegu zake nilipewa na mtunza bustani wa boma, zile ndogo kama jicho la mbuzi, ambazo Ujiji zinajiotea tu penye majivu, na za njano, alizoniletea baharia mmoja wa Uvira, ambazo kila aliyeziona aliniambia ningoje ziive (zilikuwa zimeiva, jamani, zinaiva hivyo hivyo zikiwa njano, nimechoka kueleza).

Sasa zile kubwa zikaanza kulala chini kwa uzito, zinaoza upande unaogusa udongo. Matete ya kuziegemeza hayakupatikana, maana askari walikuwa wamewaamuru watu wayakate yote wakaezekee kambi yao (hilo nalo liliniudhi, lakini kwa askari unaudhika kimyakimya). Nikauona mti wenye maua mekundu pembeni mwa njia, karibu na kwa jirani yangu bibi Nyandwi, nikachukua panga nikaanza kukata matawi. Bibi akatoka nje.

"Mwana wanje, mwanangu, ile muti usikate. Iko ya Kiranga."

Kiranga ndiye wanayemwomba Warundi wazee, na mti ule, umurinzi, ni wake, chini yake ndipo wanapomwendea wakiwa na shida. Nilikuwa nimeshasikia habari hizo. Lakini nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyevaa kofia safi, "Bibi, kwangu mimi mti ni mti," nikabeba mzigo wangu wa vijiti nikaenda zangu, nikijiona nimesema neno la maana sana.

Hakuna aliyeniambia kwamba ule mti ukiukata ukauchomeka ardhini haufi. Mvua ikanyesha, na vijiti vyangu vyote, mistari minne iliyonyooka, vikaota majani. Nyanya zikapata kivuli, zikanenepa, nami nikazidi kujisifu.

Mzee Hamadi akanipa habari kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, atakuja na wazee wawili kuangalia makao yangu. Asubuhi yake nikavuna, nikapanga vitunga vitatu penye njia ya bustani, kila aina na chake, nikavaa kanzu nyeupe (ya kuazima, ndiyo, ya kuazima, mnataka nini tena) nikaenda kusali. Tuliporudi, mimi mbele, wazee nyuma, nikafungua lango la ua, na kitu cha kwanza kutupokea kilikuwa harufu ya pombe ya ndizi.

Bibi Nyandwi alikuwa ameketi katikati ya nyanya zangu na wanawake wanne, wanaimba polepole na kupiga makofi, mjukuu wake mgonjwa yuko mapajani, na kwenye kila kijiti wamemwaga pombe kidogo.

"Amahoro," akanisalimia. "Tumeona Kiranga amejipandia kwako. Murakoze, asante kumupokea."

Mzee mmoja akasema astaghfirullahi na kurudi nyuma hatua moja. Mtu mwenye akili angegeuka akawaeleza wageni, hata wote wakacheka. Mimi nikapandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia bibi mambo ambayo sitayarudia hapa, nikavamia vile vijiti, nang'oa kimoja natupa, nang'oa kingine natupa, na kila kijiti kinakuja na mnyanya wake kwa sababu nilikuwa nimevifunga vizuri mwenyewe kwa kamba za mgomba. Kwenye mstari wa tatu nikarudi nyumanyuma, nikakanyaga kitunga cha njano, nikateleza, nikakaa juu ya kile cha nyanya kubwa. Kanzu ya watu ikawa nyekundu mpaka kiunoni, na mtoto mgonjwa akacheka.

Mzee Hamadi ndiye aliyenipa mkono nikasimama.

"Mama yangu alikuwa Murundi, mutu wa mulima," akasema. "Hii miti naijua tangu nilikuwa mutoto. Tulipoingia nilitaka kucheka, na Zaituni ningekupa leo. Lakini umekasirikia vijiti, mwanangu, mpaka umeharibu chakula yako mwenyewe. Mutoto wangu nitamuweka wapi siku ukikasirika?"

Na linalonichoma ni jibu langu. Nikapaza sauti, nimetapakaa nyanya, mbele ya wazee na wale wanawake, nikamwambia mimi sina hasira.

Wakatazamana, wakaaga, wakaenda. Bibi Nyandwi na wenzake walibaki kuokota nyanya zilizopona, wakanipangia upya kila aina mbali na nyingine, na hilo liliniudhi kuliko yote. Zaituni aliolewa Magara na mwanika dagaa mmoja, mtu mpole mpaka anakera.

Nimeapa sitamjibu mtu tena kabla sijanyamaza kwanza. Mzee Hamadi alisema kweli, nami nakiri mbele yenu, na msinitazame hivyo, mnasikia wenyewe, sijapaza sauti.